Ukingo wa Jiwe, Pindo la Nguo

Ukingoni ndiko kitu kinakoanzia kuharibika. Nguo hufumuka kutoka pembeni, njia humomonyoka kandokando, na ukuta hubomoka kwanza kwenye kona. Kwa hiyo fundi cherehani, mwashi na mkulima huweka kazi ya ziada mahali pamoja. Fundi hukunja kitambaa mara mbili na kukipitishia uzi, mwashi hunenepesha ukuta pale unapopinda, na mkulima hupanda mmea wenye mizizi ya kushika udongo. Kazi hiyo ya kuimarisha ndiyo iliyozaa mapambo mengi ya kingo. Kiswahili kina neno la kale la pambo la namna hii upande wa nguo: taraza, utepe mwembamba wa hariri uliofumwa kwenye ukingo wa kilemba au wa shuka ya kujifunga kiunoni.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya, ukanda wa Nyanza Kusini ulio kusini mwa Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, historia ya kingo inaweza kuonekana kwa macho kwa muda wa karne tano hivi, kwa kuwa za kale zilijengwa kwa mawe. Boma la mawe kwa Kijaluo ni ohinga, na wingi wake ni ohingni. Watafiti wamehesabu katika ukanda huu maeneo 138 yenye jumla ya majengo 521 ya mawe. Mengi yamemezwa na vichaka, na mengine yamebaki mstari wa mawe unaokatiza shamba la mahindi. Lililo kubwa na lililohifadhika kuliko yote ni Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori.

Kwa Kijaluo, maana ya Thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Msitu huo sasa umepungua, ingawa miti ya miiba na mitupa mirefu yenye matawi ya kuelekea juu kama vinara vya mishumaa bado imeyazunguka mawe. Eneo lina ukubwa wa hekta 21 na maboma makuu manne: Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Majina hayo yamefuata mtindo wa Kijaluo ambapo ka- ni sawa na "kwa fulani", hivyo Kochieng' ni kwa Ochieng' na Koluoch ni kwa Oluoch. Boma lilijulikana kwa mwenye nyumba, na ukuta ndio ulioonyesha mwisho wa kwake.

Kuta hizo zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa mita moja hadi tatu. Hazikuchimbiwa msingi. Mawe hayakuchongwa, wala hayakuunganishwa kwa udongo au chokaa. Siri yote imo katika kupanga. Wajenzi walisimamisha nyuso mbili za ukuta, ya nje na ya ndani, kwa mawe makubwa yaliyochaguliwa yakae vizuri, kisha wakajaza katikati kwa mawe madogo yanayozifunga nyuso hizo mbili pamoja. Jiwe likikaa vibaya huyumba, na likiyumba huwasukuma majirani zake, kwa hiyo kila jiwe lililazimika kugeuzwa mpaka lipate kikao chake. Ukuta wenyewe haukunyooka. Umekwenda kwa mawimbi, ukitoka na kuingia, na mahali pengine umeongezewa egemeo la mawe. Mkunjo ndio unaouwezesha ukuta usio na msingi usimame, jinsi karatasi iliyokunjwa inavyosimama mezani wakati karatasi bapa inaanguka.

Anayekwenda Thimlich kutafuta nakshi za kuchongwa hatazipata kutani. Zimbabwe Kuu, ambayo mara nyingi hutajwa pamoja na Thimlich, ina utepe wa pembe za mshazari uliopangwa kwa mawe juu ya ukuta wa boma lake kubwa, na wajenzi wake walitumia matale yaliyopasuliwa kwa vipande vinavyolingana. Wajenzi wa Nyanza Kusini walikuwa na mawe ya kila umbo, na uzuri waliouacha ni wa mistari: mawimbi ya ukuta, mlango mfupi wenye jiwe pana juu yake, na ukingo wa juu uliosawazishwa kwa vijiwe. Uzuri huo haustahili kuhesabiwa wa daraja la chini. Kupanga mawe yasiyolingana yakasimama karne tano bila kitu cha kuyagandisha ni kazi ya ustadi mkubwa kuliko kuchonga.

Mlango ulijengwa mfupi na mwembamba kwa makusudi. Aliyeingia alilazimika kuinama, na aliyeinama hawezi kuinua mkuki. Ndani kulikuwa na nyumba, mazizi ya ng'ombe na ya ndama, na mahali pa kusagia nafaka. Kwenye mwamba kuna vishimo vya mchezo wa bao, ambao Wajaluo huuita ajua. Ohinga ilizuia wanyama wakali na wezi wa mifugo, lakini pia ilipanga watu: nani ni wa mlango gani, nani amezaliwa ndani ya ukuta upi.

Waliojenga kwanza wanaaminika kuwa jamii za Kibantu zilizoishi hapa kabla ya Wajaluo kuenea kusini mwa ghuba, na ujenzi wa Thimlich unakadiriwa kuwa wa karne ya 16. Wakazi waliofuata, Wajaluo wakiwemo, waliingia katika maboma hayo, wakayarekebisha na kujenga mengine kwa mtindo uleule. Hivyo ufundi ulihama kutoka lugha moja hadi nyingine bila kupotea. Ng'ambo ya ghuba, katika maeneo ya Siaya ya leo, Wajaluo walijilinda kwa handaki na tuta la udongo, na mabaki yake huitwa gunda bur. Tofauti ilitokana zaidi na ardhi: kwenye mawe walijenga kwa mawe, na kwenye udongo mzito walichimba.

Utawala wa Waingereza ulipozuia vita vya mifugo mwanzoni mwa karne ya 20, haja ya kuta nene ilipungua. Familia zilitoka mojamoja na kujenga makazi yao nje, kila moja na ua wake mdogo. Mtindo wa makazi ya mawe uliendelea kufifia hadi katikati ya karne hiyo, na nafasi ya jiwe ikachukuliwa na mmea.

Mmea huo ni mnyaa, ambao Wajaluo huuita ojuok. Wanasayansi huuita Euphorbia tirucalli. Hauna majani ya kuonekana, una vijiti vya kijani vinavyokatwa na kuchomekwa ardhini vikaota hata mwaka wa ukame. Mifugo haiugusi kwa sababu ya utomvu wake mweupe, ambao ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu. Ua wa ojuok ukitunzwa hufunga kiasi cha kuku kutopita. Kazi ya ukuta wa mita mbili ikafanywa na vijiti vilivyopatikana bure kwa jirani, na umbo la duara la boma likabaki.

Dala, yaani boma la Mjaluo, lilikuwa na ukingo huo wa kijani uliokatizwa na lango kuu linaloitwa rangach. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, ilijengwa upande wa juu ikilitazama lango, na nyumba za wake wengine zilipangwa kulia na kushoto kwa zamu. Simba, vibanda vya vijana wa kiume, vilikaa karibu na lango ili wao ndio wawe wa kwanza kukutana na mgeni au adui. Mwanamume aliyekwenda kuanzisha dala jipya alitoka kwa baba yake na jogoo na shoka, pamoja na mkewe aliyebeba moto na mwanawe wa kwanza, na mahali pa lango paliamuliwa kabla ya mengine yote. Ukingo ulitangulia nyumba. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na wanaodhani ua ni kitu cha kumalizia.

Katika uwanja wa ndani, laru, hapakuwa na njia iliyopangwa wala maua. Palifagiliwa kila alfajiri, na pale fagio lilipoishia ndipo nyasi zilipoanza. Mstari huo kati ya udongo safi na nyasi ulikuwa pambo tosha, na ulifanywa upya kila siku.

Nguo nayo ilikuwa na kingo zake. Kabla ya vitambaa vya dukani, wanaume walivaa ngozi za mifugo na za wanyama wa porini. Mwanamke aliyeolewa alivaa chieno, kishungi cha nyuzi za mimea kilichofungwa kiunoni na kuning'inia nyuma. Chieno ilikuwa alama ya ndoa, na mwanamume mwingine kuishika lilikuwa kosa kubwa. Kwa ufundi chieno ni kinyume cha pindo: badala ya nyuzi kufungwa zisifumuke, zimeachwa zote zikiwa huru, na uhuru huo ndio uliokuwa na maana. Shanga, tigo, zilishonewa kwenye kofia na kuvaliwa shingoni na kiunoni. Charles Hobley, ofisa wa Kiingereza aliyetumikia Kavirondo, kama Waingereza walivyoliita eneo hili, mwanzoni mwa karne ya 20, alipiga picha za mavazi hayo. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alikaa Ujaluoni kwa majuma machache na kupiga nyingine. Picha za Hobley na Evans-Pritchard zilirudishwa Nyanza mwaka 2007 katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, zikatazamwa na wajukuu wa waliopigwa.

Kitambaa kilichofika kwanza kwa wingi ni merikani, pamba isiyopaushwa iliyopata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani. Ilipandishwa bara na misafara, kisha na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli za ziwani zikaipeleka Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, ambako wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka. Merikani haikuwa na pambo lolote. Ilikatwa kwa mkono, ikafungwa begani, na pasipokunjwa ikaanza kufumuka baada ya kufuliwa mara chache.

Si wote walioikaribisha. Mwaka 1913 dini ya Mumbo ilianza Alego, ng'ambo ya ghuba, kwa mahubiri ya Onyango Dunde, aliyesema amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani na kutapikwa akiwa na ujumbe. Dini hiyo ikaenea kwa nguvu hadi Kavirondo Kusini. Miongoni mwa maagizo yake ni kwamba wafuasi warudi kuvaa ngozi na kuwakataa Wazungu pamoja na mambo yao. Serikali ya kikoloni iliikandamiza kwa miaka mingi. Katika mzozo huo kitambaa kilikuwa ushahidi: aliyevaa shati alikuwa upande mmoja, aliyevaa ngozi upande mwingine. Watu wa misheni waliitwa josomo, wasomaji, nao walitambulikana kwa nguo kabla hawajafungua kitabu.

Pindo la kushonwa liliingia pamoja na cherehani. Fundi alikaa kwenye baraza ya duka la Mhindi na mashine yake ya Singer ya kukanyaga kwa miguu, mteja akanunua kitambaa ndani na kukishonesha papo hapo nje. Mpangilio huo bado upo Homa Bay, Oyugis, Rongo na Awendo, ingawa maduka yamebadilisha wenyewe. Pindo la kawaida hukunjwa mara mbili, la kwanza jembamba ili kuficha ncha za nyuzi, la pili pana kidogo ili liwe na uzito na nguo ianguke vizuri. Upana wa pindo la sare ya shule huwa mkubwa zaidi kwa sababu mzazi hutaka gauni lifunguliwe na kushushwa mtoto anaporefuka. Ukitazama mstari hafifu wa rangi iliyopauka juu ya pindo jipya, unajua ni mara ngapi limeshushwa. Siku hizi mashine ya ovaloki hufunga ukingo kwa nyuzi tatu au nne kwa wakati mmoja na kuukata hapohapo, na mafundi wengi wameacha kukunja. Kazi ni ya haraka. Pindo la kukunjwa hudumu zaidi.

Nguo iliyoufanya ukingo kuwa sehemu ya lazima ya muundo wake ni leso, jina ambalo watu wa Nyanza hulitumia kama wanavyolitumia watu wa Mombasa, pale Watanzania wanaposema kanga. Leso ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Leso huuzwa mbilimbili zikiwa hazijatenganishwa, na jozi hiyo huitwa doti. Mnunuzi huikata na kuipeleka kwa fundi kukunjiwa, kwa maana pindo lililochapwa bado ni picha ya ukingo mpaka lishonwe. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na alama ya "Mali ya Abdulla" iliyo ukingoni mwa leso zake imefika mbali na pwani. Kusini mwa Nyanza leso ilichukua kazi nyingi: kumbeba mtoto, kujifunga kiunoni jikoni na shambani, kufunikia chakula kinachopelekwa matangani. Kikundi cha akina mama kikienda msibani kimevaa leso za aina moja, mapindo hayo yanayofanana humwambia kila aliyeketi kwamba hawa wamekuja pamoja.

Kendu Bay ina mji mkongwe wa Waislamu na msikiti mashuhuri wa Tawakal, na huko kanzu ilikuwa vazi la heshima. Kanzu nyeupe haina pambo isipokuwa shingoni na kifuani, ambako tarizi ya uzi hushonwa kuzunguka uwazi. Hapo ndipo kitambaa huvutwa kila siku kanzu inapovaliwa na kuvuliwa, na pasipotiwa uzi wa ziada hupasuka upesi. Machifu wengi wa mwanzo pia walivaa kanzu, wakiwamo wasiokuwa Waislamu.

Makanisa yaliyozaliwa Nyanza yaliipa kanzu maana nyingine. Waumini wa makanisa ya Roho walivaa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu. Legio Maria, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondetto pamoja na Gaudencia Aoko, ina mlima wake mtakatifu wa Got Kwer katika Kaunti ya Migori, na huko ndiko Ondetto alikozikwa mwaka 1991. Kanzu za Legio ni za rangi nyingi. Msalaba hushonewa kifuani au mgongoni, na utepe wa rangi nyingine huzungushwa shingoni, mikononi na chini. Siku za hija mlima huonekana kwa mbali kama bustani iliyochanua, na kazi kubwa ya mafundi wa vijijini imo katika tepe hizo.

Ndani ya nyumba, ukingo uliopendwa kuliko zote ni wa kitambaa cha kiti. Shule za misheni, kama za Waadventista huko Gendia na za Wakatoliki huko Asumbi, ziliwafundisha wasichana kushona na kufuma pamoja na kusoma. Baada ya 1952, vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vikayapeleka mafunzo hayo kwa akina mama waliokwisha kuolewa. Kitambaa kilikatwa kwa mraba, kikachorwa maua kwa penseli na kutariziwa. Kisha ukingo ukafumwa kwa kroshia, nusu duara moja baada ya nyingine, mpaka kuzunguka pande zote. Sebule yenye vitambaa vilivyopaushwa na kupigwa wanga juu ya kila kiti, meza na redio ilikuwa sifa ya mwenye nyumba. Vijana wengi wa mjini wameviondoa. Ni hasara, kwa sababu mtindo wa ukingo wa kitambaa ulipitishwa kutoka mkono hadi mkono bila kuandikwa, na ukikosa wa kuufuma umekwisha.

Njia zenye kingo za mapambo zilifika na watu waliotaka njia zinyooke. Mwaka 1906 Arthur Carscallen wa Kanada na Peter Nyambo wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walianzisha misheni ya Waadventista kwenye kilima cha Gendia karibu na Kendu Bay. Misheni, kambi ya chifu, kituo cha polisi na ofisi ya wilaya zilifuata ramani moja: bendera au kanisa katikati, njia iliyonyooka kutoka lango, na mawe kandokando yaliyopakwa chokaa. Mawe meupe huonekana gizani, humzuia mtu kukanyaga nyasi, na humwonyesha mgeni aelekee wapi bila kuuliza. Pia yalionyesha nani ana mamlaka ya kuwafanya wengine wapake chokaa. Shule ziliurithi mtindo huo, na hadi leo wanafunzi wa shule nyingi za Migori na Homa Bay hupaka mawe upya kabla ya siku ya wazazi au ziara ya mkaguzi. Penye mawe machache hutumika chupa zilizopinduliwa, shingo ikiwa ardhini.

Mimea ya uani pia iliongezeka. Kayaba, mti wa miiba mirefu uliotoka kusini mwa Afrika, ulipandwa kuzunguka misheni na shule kwa sababu mwizi hawezi kuupenya. Mkonge ulipandwa mpakani, nao ukatoa kamba. Lantana, ambayo Wajaluo huiita nyabend winy, ililetwa nchini kwa ajili ya maua yake ya rangi mbili tatu, ndege wakala matunda na kutawanya mbegu, na sasa imevamia malisho mengi na haiondoki kwa urahisi. Alizeti mwitu kutoka Mexico, yenye maua ya manjano, imekuwa na bahati njema zaidi. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa majani yake yakikatwa na kuchanganywa na udongo hurutubisha shamba, hivyo ua wa pambo ukawa ghala la mbolea.

Mipaka ya mimea ilipata nguvu ya kisheria baada ya mpango wa kikoloni wa kilimo na ardhi wa 1954 ulioitwa Mpango wa Swynnerton, Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 na ile ya uamuzi wa haki za ardhi ya 1968. Ardhi ya ukoo ilipopimwa na kugawiwa hatimiliki, Kenya ilichagua mfumo wa mipaka ya jumla, ambamo ramani huonyesha mpaka kwa kukadiria na alama halisi ni kile kilicho ardhini. Mara nyingi kitu hicho ni ua. Familia ziliharakisha kupanda mikonge na minyaa kwenye mistari iliyokubaliwa mbele ya wazee, na kesi nyingi za majirani hadi leo hurudi kwenye swali la nani aliupanda ua na ulikuwa wapi kabla ya kung'olewa. Mawe yaliyotolewa shambani wakati wa kulima nayo hupangwa mpakani, na katika Nyatike na visiwa vya Rusinga na Mfangano mistari hiyo mifupi ya mawe huzuia maji ya mvua yasibebe udongo hadi ziwani.

Ukingo uliotafitiwa kwa undani katika eneo hili ni ule wa shamba la mahindi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Thomas Odhiambo, kina tawi huko Mbita, Homa Bay, kwenye ufuo unaotazama Rusinga. Hapo, katika miaka ya 1990, Zeyaur Khan na wenzake walishirikiana na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza kutafuta njia ya kumdhibiti funza wa bua bila sumu. Walipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo, na harufu ya nepia humvuta atoke nje ya shamba akatage huko. Viwavi wanapotoboa bua la nepia hukutana na utomvu wa kunata na wengi hufa. Desmodiamu pia huzuia kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na kuwanyima chakula wakulima wa ukanda wa ziwa. Nyasi za ukingoni hukatwa na kulishwa ng'ombe. Njia hiyo, iliyopewa jina la sukuma-vuta, imeenea katika nchi nyingi za Afrika, nayo inategemea mistari michache ya nyasi iliyopandwa pembeni.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, njia nyingi za katikati ya miji zimetandikwa kabro, na kila upande umewekewa mawe ya saruji yaliyosimamishwa wima. Bila mawe hayo kabro hutawanyika msimu mmoja wa mvua, kama nguo isiyokunjwa pindo. Mafundi wanaozitandika wanalijua hilo, na ndiyo maana huanza na ukingo kabla ya kuweka tofali la kwanza katikati.

Thimlich Ohinga ilitangazwa kuwa mnara wa kitaifa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya World Monuments Fund ya maeneo yaliyo hatarini duniani, baada ya sehemu za kuta kuanguka kwa sababu ya miti iliyoota ndani yake, mifugo iliyopanda juu na watu waliotoa mawe. Kuta zilijengwa upya kwa mbinu ileile ya nyuso mbili na kujaza katikati, mafundi wakisaidiana na wazee wa eneo hilo. Mwaka 2018, katika kikao cha Manama nchini Bahrain, UNESCO iliiweka Thimlich katika orodha ya Urithi wa Dunia, ikawa ya saba kutoka Kenya.

Ohingni nyingi zilizobaki zimo ndani ya mashamba ya watu na hazina mlinzi. Mawe yake hubebwa kwenda kujengea misingi ya nyumba, mazizi na vyoo, na kila toroli linaloondoka hubeba sehemu ya ukuta ambayo haitapangika tena vilevile. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inamtaka anayegundua mnara wa kale aipashe habari taasisi ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwenye shamba lenye mstari wa mawe uliopinda, asiyejua ulijengwa na nani, na auache ulivyo na kupeleka habari.